Kutoka Mikstepu Hadi Hisa: Somo la Chamillionaire Kuhusu Pesa Zinazoingia Kidogo Kidogo

Kama ulikuwa na masikio mwaka wa 2006, wimbo "Ridin'" unaujua. Hata kama jina la msanii lilikupita, ile kiitikio uliimba. Ni ngoma ya rapa wa Houston, Marekani, anayeitwa Chamillionaire, akishirikiana na Krayzie Bone, na inazungumzia polisi wanaolifuata gari la kijana mweusi wakitumaini kumpata na kosa. Dereva yeyote wa matatu ama mwendesha boda boda anaielewa hiyo hali bila kutafsiriwa.

Wimbo huo ulimpeleka kileleni kabisa. Lakini leo tunataka kuongelea yale aliyofanya kabla na baada yake, kwa sababu ndani yake kuna somo la pesa ambalo linamhusu mama mboga wa Githurai, kijana wa kupiga picha za harusi Kisumu, na wewe unayesoma hii ukiwa na salio la Sh740 kwenye laini.

Utauliza, rapa wa Marekani anahusiana vipi na pesa za simu? Jibu ni rahisi. Pesa iliyotokana na wimbo wake mkubwa ilipitia mahali yako inapopitia: kwenye simu, kwa malipo madogo madogo, kila mtu wa katikati akikata chake. Baadaye soko hilo la simu likafa. Yeye hakufa nalo. Hebu tuone alifanyaje.

Kwanza, huyu ni nani?

Jina lake halisi ni Hakeem Seriki, alizaliwa Novemba 1979. Baba yake ni Mnigeria, mama yake ni Mmarekani mweusi, na alilelewa Houston, jimbo la Texas. Jina la usanii aliliunda kwa kuunganisha maneno mawili: kinyonga na milionea. Kumbuka hiyo ya kinyonga, tutairudia.

Houston ya miaka ya 1990 ilikuwa mbali na macho ya tasnia. Kampuni kubwa za muziki zilikuwa New York na Los Angeles, na hazikuwa na haraka ya kutafuta vipaji Texas. Kwa hivyo vijana wa pale walijijengea soko lao. Walirekodi mikstepu, yaani CD ama kanda ambayo rapa anachukua biti inayovuma, anaweka mistari yake mwenyewe juu, DJ anachanganya, na bidhaa inaingia mtaani bila kampuni kubwa kuhusika. Ziliuzwa kwenye maduka madogo ya mtaa, kwenye vinyozi, na kwenye buti za magari. Buti ya gari ndiyo ilikuwa duka, ofisi na stoo.

Chamillionaire na rafiki yake Paul Wall walijulikana kupitia Swishahouse, kundi la upande wa kaskazini wa jiji lililoongozwa na DJ Michael "5000" Watts. Mwaka wa 2002 wawili hao walitoa albamu ya pamoja, Get Ya Mind Correct, kupitia lebo ndogo ya kujitegemea iitwayo Paid in Full. Baadaye walikosana, kila mtu akaenda njia yake, na miaka ikapita kabla ya kupatana tena. Chamillionaire akaanzisha lebo yake mwenyewe, Chamillitary, na mwaka wa 2004 akatoa Mixtape Messiah, mkusanyiko wa CD tatu kwa mpigo.

Houston walikuwa wabunifu wa soko kwelikweli. Mwenzao mmoja wa Swishahouse, Mike Jones, alikuwa anaitaja nambari yake ya simu ndani ya nyimbo zake ili mashabiki wampigie. Kabla ya mitandao ya kijamii kushika, huyo tayari alikuwa anaongea na wateja moja kwa moja. Mwenye duka anayeandika nambari yake ukutani kwa rangi nyekundu anaijua hiyo mbinu.

Hesabu ya kujitegemea

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Msanii wa kujitegemea anauza nakala chache, lakini kila nakala inamrudishia pesa nyingi. Msanii wa kampuni kubwa anauza nyingi, lakini kila nakala inamrudishia kidogo.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme CD inauzwa dola 10, na kuitengeneza ni dola 2. Ukiuza mwenyewe kutoka kwenye buti, dola 8 ni zako. Nakala 5,000 zinakupa dola 40,000. Sasa tuseme umesaini na kampuni inayokupa dola 1 kwa kila nakala. Ili upate hizo dola 40,000 lazima uuze nakala 40,000.

Na kuna ingine. Kampuni ya muziki ikikusaini inakupa malipo ya awali. Watu husherehekea, gari linanunuliwa, picha zinapigwa. Lakini hayo malipo si zawadi. Yanakatwa kutoka kwa mgao wako hadi yaishe, pamoja na gharama zingine kama za video na za studio, kulingana na mkataba. Ni kama ule mkopo wa simu unaojikata wenyewe pesa ikiingia tu kwenye laini. Umetumiwa Sh2,000 na shangazi, unafungua ujumbe, salio ni Sh600. Pesa iliingia kweli, ila ilikuwa na mwenyewe.

Hii haimaanishi kampuni kubwa ni mbaya. Zina mtandao wa redio, televisheni na maduka ambao buti ya gari haiwezi kuwa nao. Chamillionaire mwenyewe alisaini na Universal. Tofauti ni kwamba alifika mezani akiwa tayari ana lebo yake, ana jina, na anajua nakala moja inaleta ngapi. Anayejua bei ya soko hadanganywi kirahisi.

2006: mwaka ambao simu zililia

Albamu yake ya kwanza chini ya Universal, The Sound of Revenge, ilitoka Novemba 2005 na kuingia nambari 10 kwenye chati ya albamu ya Billboard 200. Kisha ikaja "Ridin'". Juni 2006 ilifika nambari moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Februari 2007 ikampa yeye na Krayzie Bone tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa rapu wa watu wawili ama kundi. "Weird Al" Yankovic, msanii wa vichekesho, aliifanyia mzaha kwa wimbo "White & Nerdy", nao pia ukavuma.

Lakini rekodi inayotuhusu sisi ni hii: "Ridin'" ndiyo ilitajwa kuwa mlio wa simu uliouzwa zaidi Marekani mwaka wa 2006, milio milioni 3.2.

Kama una umri wa miaka 20 hivi, pengine hujui mlio wa simu ulikuwa biashara. Wakati huo simu nyingi hazikuwa na nafasi ya kuweka nyimbo nzima. Unachagua kipande cha sekunde 30, unatuma ujumbe mfupi, kipande kinaingia kwenye simu yako, na malipo yanakatwa kwenye bili ama salio lako. Kichekesho ni kwamba kipande hicho kiliuzwa dola 2 hadi 3, ilhali wimbo mzima kwenye duka la iTunes ulikuwa senti 99. Watu walilipa zaidi kwa kipande kuliko kwa wimbo kamili, kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi. Hakuna kadi ya benki, hakuna fomu. Simu imelipa, basi.

Hilo ni somo la kwanza kwa yeyote anayefanya biashara: mteja hulipia urahisi. Na angalia tarehe. Machi 2007, mwezi mmoja tu baada ya ile Grammy, huduma ya M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Pande mbili za dunia, wakati mmoja, watu walikuwa wanagundua kitu kilekile: simu inaweza kuwa mahali pa kulipia.

Nani anakata nini?

Sasa tufanye hesabu nyingine ya mfano. Milio milioni 3.2, kila mmoja dola 2. Hiyo ni dola milioni 6.4. Kijana ametajirika, si ndiyo?

Polepole. Kampuni ya simu inachukua yake kwa sababu mteja ni wake na bili ni yake. Kampuni inayotengeneza na kusambaza mlio inachukua yake. Lebo inachukua yake. Walioandika wimbo wana haki zao, waliotengeneza biti wana zao (biti ya "Ridin'" ilitengenezwa na Play-N-Skillz), na msanii mwalikwa ana yake. Meneja yuko kwenye foleni, wakili yuko kwenye foleni, na serikali inasubiri kodi mlangoni. Kinachobaki ndicho cha mwenye sauti.

Hapa Kenya tumeuona huo mjadala kwa macho yetu, kupitia nyimbo za Skiza. Tofauti ni ndogo: mlio wa simu unausikia wewe mwenye simu, ilhali wimbo wa Skiza unasikiwa na anayekupigia. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba wanaoonja ni wengi na mpishi analala njaa. Mwishowe Bunge liliingilia. Sheria ya Hakimiliki iliyorekebishwa mwaka wa 2022 iligawanya mapato ya nyimbo hizo hivi: msanii ama mwenye hakimiliki asipungue asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5.

Weka kwa shilingi. Mapato ya Sh100 yakiingia, Sh52 ni za mwenye haki, Sh39.50 za kampuni ya simu, Sh8.50 za yule wa katikati. Lakini soma tena maneno "mwenye hakimiliki". Kama uliuza haki zako zote kwa prodyuza mwaka ule ulikuwa unatafuta nauli, hizo Sh52 haziji kwako. Na kama kundi lenu lina watu watatu na hamkuandikiana chochote, hizo Sh52 zina uwezo wa kuvunja urafiki wa tangu shule ya msingi.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anakutana na rapa. Unauza chapati kwa Sh20. Unga, mafuta, makaa, kodi ya kibanda, mtu wa kukusaidia, makato ya kupokea pesa, makato ya kutoa. Umewahi kukaa chini ukajua ni shilingi ngapi za hiyo ishirini ni zako kweli? Wakenya tuna msemo wetu, "tuma na ya kutolea". Ni mzaha, lakini ndani yake kuna hekima kubwa. Anayesema hivyo anajua kwamba pesa iliyotumwa na pesa itakayofika mkononi ni vitu viwili tofauti.

Wimbi linaposhuka

Mwaka wa 2007 simu ya iPhone ilitoka. Simu za kisasa zikaanza kubeba nyimbo nzima, watu wakajifunza kutengeneza mlio wao wenyewe bure, na lile soko la dola 2 kwa sekunde 30 likaporomoka ndani ya miaka michache. Hakuna aliyelitangazia kifo. Liliisha tu polepole, jinsi vibanda vya simu za kulipia vilivyoisha huku kwetu.

Kwa upande wa muziki, Chamillionaire alitoa Ultimate Victory mwaka wa 2007, albamu ambayo hakuweka matusi hata kidogo, nayo ikaingia nambari 8. Lakini albamu ya tatu aliyoiahidi, Venom, iliahirishwa na kuahirishwa mpaka ikakosa kutoka. Mwaka wa 2011 aliachana na Universal. Katikati ya hayo yote alikuwa ameendelea kutoa mikstepu zake bure mtandaoni kwa mashabiki, hadi Mixtape Messiah 7 mwaka wa 2009, na baada ya kuondoka alirudi kutoa kazi zake mwenyewe kama alivyoanza.

Mwaka wa 2010 kukatoka habari kwamba benki imelichukua jumba lake la Houston. Mitandao ikacheka: yule wa jina la milionea amefilisika! Yeye alieleza hadharani kwamba ameamua mwenyewe kuliachia, kwa sababu halikuwa uwekezaji mzuri.

Hapo wengi wetu tungeumia moyo. Sisi nyumba kubwa ndiyo ushahidi kwamba mtu amefika. Lakini jiulize hesabu yake: nyumba inayokula pesa kila mwezi na hairudishi chochote ni mali ama ni mgeni asiyeondoka? Kuna mtu hapa Kenya amechukua gari kwa mkopo, linakaa uani wiki nzima kwa sababu mafuta ni ghali, na bima inalipwa. Kuachia kitu mbele ya watu kunahitaji moyo. Wakati mwingine ndiyo hesabu sahihi.

Kinyonga anabadilisha rangi

Sasa tufike kwenye teknolojia. Wakati watu wanadhani amepotea, Chamillionaire alikuwa anahudhuria mikutano ya watu wa teknolojia huko California. Hakwenda kutumbuiza, alikwenda kusikiliza. Fikiria hiyo picha: mshindi wa Grammy ameketi na daftari kati ya vijana wa kuandika programu, anauliza maswali. Kupitia duru hizo alifahamiana na Mark Suster, mwekezaji wa kampuni ambayo leo inaitwa Upfront Ventures, ya Los Angeles.

Mojawapo ya kampuni changa alizoweka pesa mapema ni Maker Studios, iliyokuwa inasimamia waandaaji wa video za YouTube. Mwaka wa 2014 Disney iliinunua kwa dola milioni 500, na ahadi ya nyongeza kama ingefikisha malengo. Mwaka uliofuata, 2015, Upfront ilimchukua kama mjasiriamali mkaazi, yaani mtu anayekaa ndani ya kampuni ya uwekezaji akitafuta na kujenga wazo lake la biashara. Jina lake limetajwa pia kati ya waliowekeza mapema kwa Cruise, kampuni ya magari yanayojiendesha ambayo General Motors iliinunua 2016, kwa Ring ya kengele za mlango zenye kamera ambayo Amazon iliinunua 2018, na kwa Lyft ya teksi za kuitwa kwa simu. Mwaka wa 2018 alitoa programu yake mwenyewe, Convoz, ya watu kuzungumza kwa video fupi fupi. Mwaka wa 2019 akatangaza kwamba atawekeza dola 25,000 kwa kampuni changa iliyoanzishwa na mwanamke ama mtu kutoka jamii za wachache.

Unaona mtiririko? Kwanza aliuza CD: kazi moja, malipo moja. Kisha akauza milio: kazi moja, malipo mengi madogo, lakini wakataji wengi. Kisha akanunua sehemu ya biashara za watu wengine: sasa yeye ndiye yuko upande wa kumiliki. Kila hatua ilijengwa na pesa na maarifa ya hatua iliyotangulia. Huyo ndiye kinyonga wa jina lake.

Habari njema haziji peke yake

Hatutakudanganya. Kampuni nyingi changa hufa, na pesa ya waliowekeza hufa nazo. Magazeti huandika zilizonunuliwa na Disney, hayaandiki zilizofunga mlango usiku.

Hata zile zilizofaulu zina misimu kama nyimbo. Disney iliipunguza Maker Studios na kuimeza ndani ya idara zake miaka michache baada ya kuinunua. General Motors ilitangaza Desemba 2024 kwamba inaacha kufadhili teksi zisizo na dereva za Cruise. Lyft ilipouza hisa kwa umma Machi 2019 kwa dola 72, bei ilishuka chini ya hapo ndani ya siku chache.

Huku nyumbani tuna mfano wetu. Mwaka wa 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa Sh5. Bei ikaanguka hadi karibu nusu, na wengi wakauza kwa hasira. Walioshikilia waliiona ikipita Sh40 mwaka wa 2021. Kisha ikashuka tena chini ya Sh20 ndani ya miaka miwili. Hatukuambii ununue wala uuze chochote. Tunasema tu kwamba umiliki hupanda na kushuka, kwa hivyo usiweke kule pesa ya karo ama ya kodi ya nyumba.

Na kuna hatari nyingine tunayoiona kila wiki kwa wateja. Mtu akisikia stori kama hii, kesho anatumiwa ujumbe wa WhatsApp: "Wekeza Sh1,000 leo upate Sh10,000 kesho." Huo si uwekezaji, huo ni wizi wenye lugha nzuri. Chamillionaire alichukua miaka kujifunza kabla ya jina lake kutajwa kwenye orodha za wawekezaji. Anayekuahidi utajiri wa usiku mmoja anatafuta utajiri wake kwako.

Zamu yako: mambo sita ya kufanya na simu yako

1. Jua makato yako. Fungua orodha ya ada za huduma unayotumia. Kutuma, kutoa, kulipa, kupokea kwa till, kila moja ina bei yake. Mara nyingi kutoa pesa mara tano kidogo kidogo ni ghali kuliko kutoa mara moja. Na kama mteja anaweza kulipia bidhaa zako moja kwa moja kwa simu, na wewe ukamlipa msambazaji wako kwa simu pia, huenda huhitaji kutoa pesa mkononi kila jioni.

2. Tenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani. Pesa ya mauzo iingie kwenye till ama laini yake, na wewe ujilipe kiasi maalum kila wiki. Ukichanganya, utadhani biashara inakufa kumbe wewe ndiye unaila, ama utadhani inakua kumbe ni mchango wa harambee ulioingia.

3. Soma taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi. Iombe kupitia programu ya simu, inakuja bila kwenda ofisini. Angalia vitu vitatu: kilichoingia, kilichotoka, na kilichoishia kwenye makato na riba. Hiyo ya tatu ndiyo hushtua watu. Taarifa hiyo pia ndiyo ushahidi wako siku utakapoomba mkopo wa maana.

4. Kata yako ya kwanza siku ambayo pesa inaingia. Tuseme unauza Sh3,000 kwa siku na hesabu yako inaruhusu kuweka asilimia 10 kando. Hiyo ni Sh300. Kwa siku 26 za kazi ni Sh7,800. Kwa mwaka ni Sh93,600, kabla ya faida yoyote. Kama Sh300 haiwezekani, anza na Sh50, kwa sababu mwaka ukiisha hutakuwa na sifuri.

5. Andikianeni. Kama mko wawili kwenye biashara, kwenye kundi la muziki ama kwenye chaneli ya YouTube, wekeni kwa maandishi nani ana asilimia ngapi, na pesa inaingia kwa nambari ya nani. Fanyeni hivyo sasa, wakati pesa ni kidogo na mnapendana. Kama wewe ni msanii, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kuitoa.

6. Geuza sehemu ya akiba kuwa umiliki, na uliza maswali kwanza. Kuna SACCO zinazosimamiwa na SASRA, kuna mifuko ya uwekezaji na madalali wa hisa walioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kuna hati za serikali. Nyingi sasa unaanza kwa simu. Mwaka wa 2017 serikali ilijaribu hati ya M-Akiba ambayo mtu alianza na Sh3,000 tu kupitia simu yake. Kabla ya kutuma hata shilingi, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya walioidhinishwa. Na PIN yako usimpe mtu, hata anayejiita mshauri wa uwekezaji.

Huwezi kujua wimbi lako litashuka lini

Mwaka wa 2006 hakuna aliyedhani kwamba milio ya simu ingekosa thamani haraka hivyo. Milioni tatu na zaidi kwa mwaka mmoja, wimbo mmoja! Ilionekana kama mto usiokauka. Aliyeila yote akidhani kesho itakuwa kama leo alibaki na kumbukumbu. Aliyeweka kando na kuuliza, "hii pesa inatoka wapi, inapitia kwa nani, na ninaweza kumiliki nini?" alibaki na njia ya kusonga mbele.

Biashara yako pengine inafanya vizuri sasa hivi. Pengine ni nguo za mitumba mtandaoni, video za kuchekesha, maji ya kuuza wakati wa kiangazi, ama keki za birthday. Hiyo ndiyo "Ridin'" yako. Icheze kwa sauti, ifurahie, lakini usingoje ishuke chati ndipo uanze kuuliza hesabu.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya kitu kimoja tu: omba taarifa yako ya miamala ya mwezi uliopita, na uandike kwenye karatasi jumla ya makato. Ukiiona hiyo nambari, utajua pa kuanzia. Na kama kuna ada ama mstari ambao huuelewi, tupigie ama utuandikie kupitia programu. Kuuliza ni bure, hakuna ya kutolea.